Siku Mwaka wa Sita Walipofunga Dirisha

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifundisha darasa zima kwamba udongo wa volkano una rutuba kwa sababu dirisha limefungwa. Sikukusudia. Nilikuwa nasoma imla, maana ndivyo tulivyofundisha wakati ule: vitabu havikutosha, kwa hiyo mwalimu anasoma somo polepole na wanafunzi wanaandika kila kinachotoka mdomoni mwake. Katikati ya sentensi mvua ikaanza kupiga, nikasema kwa Kifaransa kilekile cha somo, "Fungeni dirisha, mvua inaingia," nikaendelea. Hakuna aliyesimama. Kalamu zilikuwa zinakimbia. Nikaenda kulifunga mwenyewe, huku nikijisifu moyoni kwa kupewa darasa lenye utulivu namna ile.

Wiki iliyofuata nikawapa jaribio. Walikuwa wamekariri vizuri sana, na dirisha pamoja na mvua yake vikajitokeza karibu katika kila karatasi. Hapo bado ningeweza kujitetea. Lakini karatasi zile nilizisahihisha nikiwa kitandani, blanketi hadi kidevuni, nikiangalia tu kama maneno yao yanafanana na yangu. Yalifanana. Nikawapa alama zote.

Mnaosoma haya na mnaonicheka, subirini kwanza. Nilikuwa na diploma ya sekondari tu, niliyoipata Goma, ng'ambo ya mpaka, na mwishoni mwa miaka ya tisini hapa Gisenyi hiyo ilitosha kukusimamisha mbele ya mwaka wa sita wa sekondari, kwa sababu walimu walikuwa wachache. Wenzangu watawasimulia vituo walivyopangiwa, milimani na mabondeni. Mimi nilipitia vituo viwili, darasani na baadaye maktaba, vyote ndani ya ukuta mmoja, na ukuta wenyewe umepakana na ua wangu. Kengele ilikuwa ikilia namalizia chai.

Aliyegundua habari ya dirisha alikuwa prefe wa masomo, yaani msimamizi wa ratiba na alama, mzee mpole aliyecheka mpaka akavua miwani. Mkurugenzi hakucheka. Huyu alikulia Uganda, na alipenda mambo yaende mbio. Akaniita ofisini.

"Mwalimu, hawa si wanafunzi, ni redio. Unasema, wanasema. Wakishamaliza shule, utawafuata makwao uwasomee?"

Kisha akanipa habari yenyewe. Mkaguzi angekuja kabla ya muhula kwisha. Akikuta redio, mimi nahamishiwa Cyanzarwe. Sina ubaya na Cyanzarwe, watu wake ni wakulima wazuri, ila miaka ile barabara za huko zilitisha, na mimi ni mtu ambaye kumsindikiza shemeji hadi Grande Barrière, hapo tu mpakani, nakuhesabu kuwa safari. Jioni ile nilikiangalia kiti changu cha barazani kama namuaga ndugu.

Prefe ndiye aliyenionea huruma. Akaniambia niache imla, nichukue ukurasa mmoja: wasome wakishirikiana, wafunge kitabu, waseme. Huo ndio muhtasari, kusema jambo refu kwa ufupi bila kuliharibu. Na kwa kuwa darasa langu lilikuwa na waliotoka Tanzania, waliotoka Uganda, na wa hapahapa ziwani, akasema waanze kwa lugha yoyote iliyo karibu na ulimi, halafu waandike kwa Kifaransa.

Siku ya kwanza waliniangalia kama nimewatukana. Mwishowe Espérance, binti wa mvuvi wa Nyamyumba aliyezijua imla zangu kunishinda, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tuandike nini?"

"Mlichoelewa."

"Na kama hatujaelewa?"

Nikasema lililokuja, "Basi andikeni kile ambacho hamjaelewa."

Ni sentensi pekee ya maana niliyoitoa kazini, na ilinitoka kwa kubanwa. Maswali yakaanza kunyesha. Aliyeandika haya alijuaje? Mbona kwetu Nyamyumba maji yanatoka ardhini yakiwa moto na kitabu kimenyamaza? Mmoja alikokotoa ukubwa wa shamba, akapata jibu linalolizidi ziwa; wenzake wakamuuliza atalipalilia na nani, akarudi kukokotoa upya. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nikalazimika kusoma somo langu kabla ya kulifundisha.

Mkaguzi akaja wakati wa mvua. Akakaa nyuma pamoja na mkurugenzi, akagawa ukurasa juu ya maziwa ambao hakuna aliyewahi kuuona. Wakasoma, wakaufunika, wakaanza kuandika. Mara upepo ukasukuma dirisha. Kwa woga mdomo wangu ukajiendea wenyewe, kwa Kifaransa kilekile:

"Fungeni dirisha, mvua inaingia."

Nikaziangalia zile kalamu. Espérance akaweka yake chini, akainuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa. Hakuna aliyeyaandika maneno yangu. Nikacheka kwa sauti, peke yangu, na wale mabwana wawili wakaniangalia kama mtu wa kuombewa.

Mkaguzi akauliza ukurasa ulisema nini. Espérance akaueleza kwa Kifaransa chake cha kuchechemea, kisha akaongeza, "Lakini bwana, hawasemi kina cha ziwa walikijuaje. Walipima?"

Mkaguzi akaugeuza ukurasa, akaugeuza tena. "Sijui," akasema, na kwa neno hilo nikampenda.

Mkurugenzi alinikuta ukumbini. "Haya, umebaki. Na siku nyingine usicheke mbele ya wageni."

Nikabaki hadi nilipostaafu. Sasa wazazi wakiniuliza kijana amalize sekondari akiwa na nini, sianzi na diploma. Naitaka ile kazi ya kufunga kitabu na kusema kwa mdomo wako, na kulitilia shaka jibu lako kabla jirani hajalicheka, na kusema hujui bila kuona haya. Imla pia sijaitupa, mkono mzuri wa kuandika haujamdhuru mtu. Lakini mvua ikinyesha, ainuke.

Haya yote huwa namsimulia jirani yangu Mama Fabrice, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, nikiwa kwenye kiti kilekile. Juzi alinisikiliza hadi mwisho, akajitwika beseni lake, akasema:

"Yewe Mwalimu, hiyo habari ya dirisha mi nimeisikia mpaka masikio imechoka. Sasa funga kitabu, uniambie na maneno yako: we ulikuwa unapenda hawa batoto, ao ulikuwa unaogopa tu Cyanzarwe?"