Bogenvilia Juu ya Barafu

Mimi shule niliishia darasa la nne na sijawahi kujuta. Waliosoma wanakuja kuniomba lifti kwenye pikapu yangu. Nilianza kwa kuuza chumvi mnadani Bunda, naibeba mwenyewe kichwani, na leo ukifika Kitaji, hapa Musoma mjini, ukauliza nyumba ya mtu wa sangara, hata mtoto atakuleta mpaka mlangoni. Tofali za saruji, bati jipya, fundi nilimtoa Butiama. Mke wangu hakumaliza humo msimu mmoja.

Kabla ya hapo tulikuwa tunaishi Bugwema, nyumba ya udongo. Mtoto wetu wa kwanza, wa kike, alifariki akiwa bado ananyonya, miaka ile ya shida, dukani hakuna sabuni, hakuna hata kipande cha nguo nyeupe. Tulimzika na kitenge cha mama yake. Kwetu mtoto mchanga tulikuwaga tunamzika karibu na ukuta wa nyumba ya mama, asiwe mbali. Sasa ng'ombe wakawa wanapita pale pale. Mke wangu akaenda Nyegina, kwenye bustani ya mapadri, akarudi na kijiti cha bogenvilia kimezungushiwa kitambaa kilicholowa maji, akakipanda kando ya kaburi.

"Hili lina miiba," akasema. "Hawatamkanyaga."

Nyavu zangu mbovu za dagaa akazitundika ukutani, ua likapandia humo mpaka kwenye majani ya paa. Maji alilimwagia mara chache, mpaka aone linalegea. "Likishiba linaota majani matupu," alikuwaga anasema. Likimaliza kuchanua analipunguza matawi, mikono yote michubuko, na msaada hataki. Likichanua, ukuta mzima zambarau, unaliona toka barabarani. Hatukupata mtoto mwingine. Ndugu zangu walinisumbua niongeze mke. Nikawaambia anayemtaka huyo mke wa pili aoe yeye. Hilo nalo najisifia.

Kisha serikali ikaachia biashara, ikawa ruksa. Magari ya samaki yakaanza kushuka mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhushia samaki, nami nikawa wakala wa sangara. Hakuna samaki wangu aliyefika amelegea, kwa sababu barafu sikuionea huruma. Nikajenga mjini. Nikamwambia mke wangu tunahama.

"Nahama na nani?"

"Na mimi."

"Na yeye atabaki na nani?"

Boma likihamwa linabaki mahame, na nani anapenda kuacha mtu wake kwenye mahame? Nilimwelewa. Kaburi nisingeweza kuligusa, wazee wasingekubali. Lakini ua? Nikamwambia, "Mama, ua lako nalipeleka mjini lote na shina lake. Utalikuta ukutani kwako."

Aling'oa jani kavu kwenye ua lake. Kisha akasema, "Likishika huko, nitakaa. Lisiposhika, Baba, usiniulize kitu."

Nikaja na vijana wangu wa kupakia samaki. Walichimba wakikwepa kaburi, huku wanachekeana. "Mzee, leo tunahamisha ua ama tunahamisha mama?"

"Vyote viwili. Na chimbeni, hamkuja kuongea."

Njia ni ndefu na jua lilikuwa kali. Nikafanya ninachokijua. Nikatandaza barafu kwenye pikapu, nikalaza shina juu yake, mizizi nikaifunika kwa barafu nyingine na magunia, kama sangara wa daraja la kwanza.

"Barafu?" mke wangu akauliza.

"Niachie mimi. Kuna kitu nimewahi kufikisha kimeharibika?"

Lilifika majani mabichi kabisa. Niliwaita majirani waje waone. Nikalichimbia shimo la kuingia mtu, nikajaza samadi, nikalijengea kivuli, nikalimwagia maji kwa mkono wangu, mimi mwenye vijana wa kutuma. Majani yakageuka meusi kama yamechemshwa, yakadondoka. Mke wangu akawa anakwangua gome kwa ukucha kutafuta kijani, kila siku anashuka chini kidogo. Siku ukucha wake ulipofika kwenye udongo, alinawa mikono, akafunga nguo zake, akaenda stendi. Mimi nilisimama mlangoni. Sikumuuliza kitu.

Nilimfuata Bugwema baada ya mvua, nimebeba sukari, na ngano, na redio mpya. Nilimkuta amepiga magoti penye lile shimo letu. Mizizi iliyokatikia ardhini ilikuwa imetoa machipukizi, mekundu bado, marefu kama kidole. Alikuwa anayazungushia vijiti na kipande cha wavu.

"Kumbe limeshika," nikasema.

"Hili halikuondoka."

Nikamwambia turudi, nitaweka mtu wa kulitunza, nitalijengea kaburi kwa saruji, chochote anachotaka. Akatikisa kichwa. Alinichemshia chai, akaniletea kwenye kikombe cha wageni, kile chenye urembo, nilichokinunua mwenyewe Musoma. Hakunitukana. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Mimi niliyebishana bei na kila mnunuzi wa ziwa hili, nikanywa chai yote, nikarudisha kikombe.

Nilipoinuka, alikuwa amerudi kwenye vijiti vyake. Akasema bila kugeuka, "Baba, ukitoka rudishia lango. Mbuzi watalimaliza."

Nikatoka. Nikavuta matawi ya miiba, nikayapanga langoni moja moja, mimi nikiwa kwa nje, mpaka pakawa hapana pa kupita.