Hindi la Joka

Siku ile, mwanzoni mwa njia ya chemchemi, tulikuwa wanne: mjomba, mkewe, mdogo wangu wa kike na mimi. Baba alikuwa amekufa zamani. Mama alifukiwa ndani ya nyumba yetu masika yaliyotangulia, mlima ulipoporomoka, na kule juu Uluguru watu walisema joka limeamka, limeshuka bondeni. Tangu hapo mdogo wangu hakutaka kukanyaga njia ya maji, maana ilikatiza palepale lilipopita.

“Mtoto asiyeteka maji simlishi,” alisema mke wa mjomba. “Aende kwa baba yake mdogo, Turiani.”

Kwetu watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli alikuwa mjomba. Alikuwa akibandua udongo kwenye jembe lake. Aliendelea kubandua.

Mimi nilikwisha kuacha shule ili nilime. Nikamshika mdogo wangu mkono, nikampeleka mpaka kwenye kovu la mlima, pale joka lilipopita.

“Lisalimie. Ni kubwa kuliko babu.”

“Shikamoo, joka.” Akangoja. “Kaka, haliitikii.”

“Limezeeka. Lipe nafasi.”

Akachuchumaa, akaweka kipande chake cha muhogo juu ya jiwe.

“Haya,” mke wa mjomba akacheka nyuma yetu, “na joka nalo tulilishe.”

Baada ya hapo akawa anakwenda peke yake, kibuyu kichwani. Siku moja alirudi amelowa mabega, akaninong’oneza: “Tumekuwa marafiki. Nikilipelekea hindi la kwanza, kwa mkono wangu mwenyewe, litanionyesha mama alipolala. Jambo moja limeshaniambia, limenikopesha. Mama hasikii baridi.”

Aliteka maji mpaka mahindi yakatoa ndevu. Ndipo mjomba akamfungia nguo zake kwenye kanga, ampeleke Turiani akafukuze ndege kwenye mpunga.

“Maji nilikuwa nateka, mjomba,” alisema.

“Najua,” mjomba akajibu, akamkabidhi furushi.

Njiani aligeuka mara moja kuniambia hindi lisiliwe, atalifuata.

Homa ya bondeni ilimmaliza kabla mpunga haujakatwa. Walimzika hukohuko, habari ilitufikia mahindi yakiwa ghalani kwa mjomba.

Mteremko ule naulima mimi sasa. Kila mwaka hindi la kwanza naliacha kwenye bua mpaka linaoza. Silili, wala silipeleki jiweni. Mapatano yalikuwa lifike kwa mkono wake.