Nilivyoiogesha Injini ya Gari la Mikate

Sabuni ya kipande, nusu yake, na maji ya bomba ndoo mbili. Najua mtaniuliza tu niliiosha na nini, kwa hiyo najibu mapema. Mafuta ya taa sikutumia. Mafuta ya taa ilikuwa ya koroboi, nani atamwaga kwa kuosha chuma ya mtu? Haya, sasa nianze vizuri.

Tulikuwa tunakaa Mbotela, chumba kimoja, mimi na bwana yangu na watoto wawili wa kwanza. Bwana yangu alikuwa kazi Industrial Area, kwa gereji ya Kalasinga mmoja, mzee ndevu nyeupe, mikono kama sinia. Miaka mitano bwana yangu anapeana spana na kushika taa. Alikuwa anatamani kuitwa fundi mpaka usingizini mkono unazunguka hivi, anakaza bolti ya hewani. Mimi nimejibana ukutani nisipigwe kiwiko.

Sasa mwenye duka wa mtaa wetu alikuwa na gari la kuchukulia mikate. Gari zee, likipita unajua kabla halijafika. Siku moja likachemka, likatoa moshi mweupe, likafa. Likafa wapi? Mlangoni kwangu, hapo hapo ninapokaangia mahamri yangu ya kuuza. Yule Kalasinga akaja kuangalia. Akafungua boneti, akanusa, akasema gasketi imeungua. Hiyo ni kile kitu chembamba kinakaa katikati ya bloki, ndiyo mwili wa injini, na kichwa yake ya juu. Halafu akamgeukia bwana yangu. Sauti yake ilikuwa inatoka tumboni, polepole, hivi:

"Hii kichwa veve natoa, veve narudisha. Jumapili mimi nakuja, nasimama, naangalia tu. Injini naamka, veve fundi. Veve napasua bloki, hapana rudi kwa gereji. Bloki ya hii gari Nairobi nzima hakuna."

Bwana yangu siku hiyo hakula. Na mimi nilikuwa nimepika ndizi na nyama.

Akatoa kichwa jioni za wiki hiyo, pole pole, bolti kumi akazipanga kwa sinia yangu ya kuchagulia mchele. Injini ikabaki wazi, nyeusi, imejaa matope na mafuta ya mwaka gani sijui. Jumamosi asubuhi akienda kazini akaniambia, "Hiyo juu ya bloki nipangusie na kitambaa kikavu. Kikavu, umesikia?"

Nimesikia. Nikapangusa. Kitambaa kinatoa uchafu huku kinaupeleka kule. Na jirani yangu wa nyumba ya pili, mama mmoja kutoka upande wa magharibi, mkubwa, mpole, akiongea ni kama anakubembeleza ulale, akaja kusimama hapo na mtoto mgongoni. "Mama," anasema, "hii kitu iko chafu sana. Kesho si wageni watakuja kusimama hapa kwako?"

Basi hilo neno likaniingia. Mimi mama yangu ametoka pwani. Kwetu hata kuni zinafutwa kabla ya kuwashwa. Nikachukua ndoo, sabuni, na brashi ya viatu. Nikaiogesha ile injini kama maiti wa mtu mwenye heshima. Zile tundu kubwa nne nikazikausha na kanga mpaka ndani, mkono unaingia. Vile vishimo vidogo vya pembeni, vya bolti, kidole hakifiki. Nikaviacha, nikasema jua litafanya kazi yake. Juu ikakauka, ikang'aa, unaweza kujitengenezea nywele hapo.

Bwana yangu jioni akafika, akasimama, akaangalia. "Umepangusa?"

"Nimepangusa."

"Umepangusa kweli kweli," akasema, na akala sahani mbili.

Jumapili, Mbotela yote ilikuwa mlangoni kwangu. Mwenye duka amekuja na kanzu ya Ijumaa. Wanaume wa reli, siku yao ya kupumzika, wameleta viti vyao. Mimi niko na karai yangu, mahamri yanatoka kwa moto, watu wanakula. Kalasinga akafika na pikipiki, akasalimia kwa kichwa, akakunja mikono.

Bwana yangu kuona watu hivyo, akageuka mwalimu. Sauti ile ile anatumia akikataza watoto, ya puani kidogo. "Wazee, angalieni hapa. Gasketi inalala hivi. Kichwa inashuka, hivi, pole pole. Bolti naingiza kwa mkono kwanza. Nitakaza kuanzia katikati, naenda nje, huku moja, kule moja. Mara ya kwanza kidogo, mara ya pili zaidi, mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianza pembeni, kichwa inapinda."

Wanaume wa reli wanatingisha vichwa, kama wanajua.

"Na neno kubwa kuliko yote," anasema, "ni yale mashimo ya bolti. Lazima yawe makavu. Kwa nini? Shimo halina mlango wa chini. Maji ikiwa ndani, bolti inashuka inaisukuma. Maji haibonyei. Haina pahali pa kwenda. Sasa nini kinapasuka?" Akangoja kama shule. "Bloki."

Hamri moja ilikuwa mkononi kwangu. Sijui ilienda wapi.

Namwangalia anaingiza bolti ya kwanza, inashuka nusu, inakataa. Ya pili, nusu, inakataa. Akaguna. "Uzi, haya meno ya bolti, umekuwa mgumu kwa sababu ya kukaa," akawaambia watu. Akachukua ile spana ndefu, ya mkono mrefu. Namtazama Kalasinga. Anachana ndevu na vidole, ameangalia mbali kama mtu anasubiri basi. Nikisema, nimemwaibisha mbele ya mtaa mzima. Nisiposema, kesho hana gereji ya kurudi.

"Baba watoto," nikasema, "weka spana chini."

Hakugeuka. "Angalia mahamri yako."

"Mahamri yameungua. Weka spana chini, nakuomba."

Akaniangalia. Kwa kweli sijui aliona nini usoni kwangu. Akaiweka chini.

"Hayo mashimo yako," nikasema, "jana yameoga."

"Yameoga nini?"

"Maji. Na sabuni."

Mtu wa reli mmoja akaanza kucheka, kicheko cha ndani, kinamtikisa kiti. Kalasinga akaja, akasema neno moja, "Toa." Kichwa ikatoka, gasketi ikatoka bila kuumia. Akavunja ufito mmoja wa ufagio wangu, akautia kwa shimo, akautoa. Umelowa mpaka hapa. Akaunusa. "Hii sabuni ya nguo," akasema.

Bwana yangu alikuwa rangi ya majivu. "Mama," ananiambia kwa sauti ya chini, "nilisema kikavu."

"Na wewe ulisema wewe ndiye fundi," nikamwambia, "mbona hukuangalia?"

Mwenye duka, yeye akiongea ni kama mtu anaangusha sufuria ngazini, akapiga kelele pampu, pampu, lete pampu ya baiskeli. Ikaja. Akaitia kwa shimo mwenyewe, akasukuma na nguvu zake zote. Maji yote ya shimo yakaruka juu, yakatua kwa ndevu za Kalasinga. Povu kabisa. Watoto walianguka chini wakicheka. Yule mzee akajifuta pole pole na kilemba, akamwambia mwenye duka, "Veve kaa."

Hapo ndipo nikakumbuka tambi zangu. Nilikuwa nasokota tambi za koroboi mwenyewe, za pamba, nzuri, kavu. Utambi unanyonya mafuta, utakataa maji? Nikaingia ndani nikatoka nazo tatu. Jirani yangu wa magharibi akaleta nne, anatembea kama hana haraka duniani. "Mama," ananiambia, "mimi nilisema chafu. Sikusema uoshe." Wengine wakaleta. Tukatia kila shimo utambi wake, injini ikaonekana kama keki ina mishumaa. Unatia, unangoja, unatoa, unakamua, unatia mkavu. Mara tatu, mara nne, mpaka ufito unaingia unatoka mkavu, na Kalasinga mwenyewe ameunusa.

Bwana yangu akasafisha uzi wa bolti zote, akapaka mafuta kidogo, tone tu. Kichwa ikarudi. Sasa hakuna mwalimu, hakuna hotuba. Bolti zikashuka mpaka chini kwa mkono, zinateleza kama zimefika kwao. Akaanza katikati. Huku moja, kule moja. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nahesabu na midomo. Akatia maji mahali pake pa maji, akachukua handeli, kile chuma cha kuwashia kwa mkono, akazungusha. Ikakohoa. Akazungusha tena.

Ikaamka. Inanguruma laini, hata ile kelele yake ya zamani hakuna. Wanawake tukapiga vigelegele, jirani yangu anacheza na mtoto mgongoni, wanaume wa reli wamebeba viti vyao juu wanazunguka gari.

Lakini Kalasinga bado hajatoa hukumu yake. Amechutama, anaangalia ubavuni mwa bloki, anapitisha kidole kutafuta ufa. Na mwenye duka hajui kunyamaza. "Gari yangu imepona, asante," anasema, "lakini tuseme ukweli. Fundi gani huyu anaamriwa na mke? Weka spana, anaweka." Watu wakacheka. Bwana yangu akanigeukia, amekasirika sasa, kwamba mimi ndiye nimeleta maji. Na mimi nikamjibu, nina mdomo, mnanijua. Jirani akaingilia, mwenye duka akaongeza kuni, tukawa tunagombana wanne juu ya injini inayonguruma.

Kalasinga akasimama, akapangusa mikono kwa kanga yangu bila kuniomba.

"Mimi naamriwa na bibi yangu kila siku," akasema, "na bloki yangu yote nzima. Kesho saa moja veve kuja, veve fundi. Sasa kelele basi."