Redio Isiyotakiwa Kuzimwa

Betri zikianikwa juani hutoa harufu yake, ya chuma na ya kitu kilichochacha, na mpaka leo naijua hata nikifumba macho. Nyumbani kwetu Izia, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, jua la asubuhi lilianzia kwenye ukuta wa mbele, na baba alizipanga hapo juu ya kipande cha gunia, nasi watoto tukaonywa tusizisogelee. Ilikuwa miaka ya ujamaa, wakati ambao ukikosa betri duka moja ujue umezikosa mji mzima. Msimu wenyewe ulikuwa wa baridi, ile baridi ya Ufipa ambayo upepo wake unakufuata hadi ndani ya blanketi. Na redio yetu ilikuwa na ugonjwa wake. Ikiwa imewashwa iliongea vizuri tu siku nzima. Ukiizima, umejitakia. Ukiiwasha tena taa yake ndogo nyekundu inawaka, inatoa mlio mfupi, kisha inaganda, haisemi wala haikoromi. Baba alikuwa karani katika ofisi ya kilimo lakini mbele ya redio alijiona fundi. Aliipiga mgongoni, akaitikisa, akaigeuza kichwa chini, akasugua vyuma vya betri kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Siku nyingine ilikubali, siku nyingine iligoma hadi jioni, na hakuna aliyejua ni lipi kati ya hayo lililoiponya.

Tungeweza kuishi nayo hivyo hivyo kama bibi yangu, mama yake mama, asingeugua. Wazazi wangu wote wawili ni watu wa Mbeya, kazi ya baba ndiyo iliyotuleta Rukwa, na dereva mmoja wa lori akatuletea salamu kutoka Tukuyu kwamba bibi amelala, hanyanyuki. Kwenda huko kulikuwa kubahatisha. Magari yalikuwa machache na mafuta ya shida, na mdogo wangu alikuwa bado mgongoni. Baba akasema tusubiri, bibi si mara yake ya kwanza kuugua. Sasa tukisubiri, habari ingetufikiaje? Kwa matangazo ya vifo yaliyosomwa redioni kila jioni, kama watu wote wa mbali walivyopata misiba yao. Mama akawa anakaa mbele ya redio na mtoto mgongoni, mikono mapajani, majina ya watu wa mikoa yote yakisomwa kwa sauti ile ile moja. Yakiisha bila jina la bibi anashusha pumzi na kusema, "Bado yupo," halafu anakwenda kusonga ugali. Kuanzia hapo tulipigwa marufuku kuizima redio. Ilipunguzwa sauti tu. Mimi niliogopa hata kuipitia karibu.

Basi wanajumuiya wa kanisani kwetu wakaja kumwombea bibi. Kiongozi wao, Mama Anjela, alikuwa Mfipa wa kule Kaengesa, mpole ajabu, mtu ambaye ukimwamkia anakuuliza hali mpaka ya kuku. Walipoketi, redio ilikuwa inanong'ona pale mezani. Kwenye sala redio haiongei, hiyo ni adabu ambayo haihitaji kufundishwa, na kabla yeyote hajafungua mdomo Mama Anjela akanyoosha mkono, akazungusha kitufe hadi ikazimika. Niliuona uso wa mama. Lakini utamwambia nini mtu aliyekuja kumwombea mama yako? Tukasali rozari nzima, na Mungu anisamehe, mimi niliiombea redio. Wageni walipoaga, baba aliiwasha. Taa ikawaka. Kimya.

Kesho yake baba hakwenda kazini hadi jua lilipopanda. Alianika betri, akazibadilisha nafasi, akaipeleka redio jikoni ipate joto la mafiga, akaifungua kwa ncha ya kisu na kuipuliza ndani kama anawasha moto. Fundi redio wa mtaa wa Majengo alikuwa amefunga kibanda, amekwenda kijijini kwao kuvuna ulezi. Jioni baba akatembea hadi Majengo, akasimama nje ya duka lenye redio, akarudi giza linaingia.

"Sikumsikia," alisema.

Mama alimtazama. "Hukumsikia, au hawakumtaja?"

Baba akaketi kuvua viatu. "Watu walikuwa wanapigia kelele sukari, mama Atupele. Siwezi kukudanganya."

"Basi mimi nakwenda."

Asubuhi aliondoka na mtoto, juu ya lori la magunia ya mahindi. Tulibaki na baba na ugali wake wenye madonge. Fundi aliporudi alikuta swichi imejaa masizi ya jikoni kwetu, akaipangusa kwa brashi, redio ikaongea. Nilikaa mahali pa mama. Jioni moja mtangazaji akasoma: Bibi Tusekile wa Sumbawanga, ambaye kwa sasa yuko Tukuyu, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, habari zimfikie mume wake huko Izia. Nililia sana, na katikati ya kulia nikashtuka. Tusekile ni mama. Anayetangaza ni mama mwenyewe. Alifika. Aliporudi alituambia alimnywesha bibi uji kwa mkono wake siku kadhaa, na bibi alimtambua. "Redio ingekuwa nzima," alimwambia baba, "ningekuwa bado nimekaa hapa."

Mama sasa ni mzee, bado anaishi Izia, mimi niko Dar es Salaam na simu mfukoni. Kila jioni nampigia, ananiambia hajambo ila miguu, nami nalala vizuri. Juzi niliizima simu na kuiwasha, ikaganda kwenye nembo yake, na kompyuta ya nyumbani ilikuwa na kigugumizi hicho hicho tangu wiki iliyopita. Nilihangaika na simu asubuhi nzima. Ilipofika saa sita nilikuwa nimeshafika kituo cha mabasi, naulizia gari la Sumbawanga. Simu ikawaka mkononi, nikampigia. Mama akasema hajambo, nisijisumbue na safari ndefu hivyo.

Simu ilikuwa nzima, nikarudi nyumbani.