Mafuta ya Lavenda Kwenye Miguu ya Buda

Msichana ninayelala karibu naye hapa bwenini hujipaka losheni ya lavenda kila jioni. Anasema inatuliza. Wenzetu wanaivuta ile harufu na kukoroma kama trekta. Mimi naketi wima, kiganja mdomoni, nikilinda meno. Ngojeni niwaambie kwa nini, na tafadhali msicheke kabla yangu.

Nilipokuwa mdogo, Mama alifanya kazi kwa Ba, nyanya mmoja Mhindi aliyekanda watu kwa tiba ya Ayurveda nyumbani kwake Nakuru. Waliokuja na mgongo, waliokuja na mawazo, wote walitoka pale waking'aa kama maandazi. Lavenda Ba aliiongeza mwenyewe. Aliiotesha kando ya ua, akaipenda, akaichanganya na mafuta ya nazi. Kwake yeye hasira ilikuwa moto uliopanda mwilini.

"Wewe paka chini ya mguu, pole pole," alimwambia Mama siku aliyomwona na jicho limevimba. "Ile moto nashuka yenyewe."

Jicho lile lilikuwa kazi ya Buda, baba yangu. Aliendesha lori la viazi kutoka Mau Narok, na akifika nyumbani alitafuta kitu cha kuvunja. Nilimwona akimburuta Mama kwa nywele mpaka jikoni. Nilimwona akimrushia chupa ya chai, ikapasukia ukutani juu ya kichwa chake. Lakini hasa alipenda mateke. Alipiga kama mtu anayefungua mlango uliokwama, na mimi chini ya meza nilimwomba Mungu ampe ugonjwa wa miguu, mdogo tu, nisionekane mkatili.

Basi Mama akaanza kumkanda. Akirudi tu, viatu vinavuliwa, Mama anapiga magoti, mimi nashika chupa ya mafuta. Buda alifumba macho, akanguruma kama paka aliyeshiba. Nyumba ikanyamaza. Nikaamini Ba ni mchawi, lakini wa upande wetu.

Jumapili moja mchana, katikati ya kukandwa, simu ya Mama ikalia mezani.

"Nani huyo?"

"Ni dada yangu wa Bahati, Baba Shiro."

"Dada gani hana kazi ingine!"

Akasimama na mafuta yake miguuni; mimi nikapiga mbizi chini ya meza. Akavuta mguu nyuma ili ampige Mama pale pale alipopiga magoti. Sasa fikirieni sakafu ya simiti nyekundu, niliyoipiga polishi asubuhi mpaka ningeweza kujichana nayo. Mguu mmoja ulienda juu, wa pili ukakataa kuachwa. Mdomo wake ukagonga ukingo wa meza, na jino likaruka kwenye sufuria ya mboga.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka kwikwi.

Alinikamata kifundo cha mguu, akanivuta kutoka chini ya meza, na ngumi yake ikatua mdomoni mwangu. Nilionja damu, na ndani ya damu, lavenda. Meno mawili ya mbele yakaenda. Yalikuwa ya utoto, sawa, lakini nilikuwa bado nayatumia.

Mama aliinuka. Sikuwa nimewahi kumwona akiinuka kabla ya kipigo kuisha. Alichukua kigoda, akakishusha kwenye mkono ulionishika, tukasikia mfupa.

"Mimi, sawa," alisema akihema. "Huyu, thubutu."

Tulifika Bahati kwa dada yake, Mama bila viatu, mimi bila meno. Hatukurudi.

Kwa miaka mingi nimeisimulia kama kichekesho, dawa nzuri iliyoharibiwa na simu. Likizo iliyopita, Mama akimenya viazi, nikamuuliza kama ile lavenda ya Ba ilifanya kazi kweli.

"Lavenda?" Akacheka. "Mtu ukiwa umemshika miguu yote miwili, atakupiga teke na nini?"

Mimi, ninayecheka hata mazishini, nilichukua kisu kingine, nikamenya naye. Kumbe jioni zile zote hakuwa akimtuliza. Alikuwa amepiga magoti mbele yake, amemfunga pingu kwa vidole.