Siku nilibeba mama mukwe kama gunia

Kwetu, mwanaume haangaliake mama mukwe mu macho. Mama ya bibi yangu akipita mu njia, mimi naingia mu mashamba ya batu, hata kama kuko siafu. Akiingia mu nyumba, mimi natokea ku mulango ya nyuma. Kumugusa, hiyo hata mu ndoto hapana. Vijana ya mujini banasema ile ni mambo ya zamani, banakula na mama mukwe ku meza moja. Mimi niko muntu ya mulima. Niko miaka tisa mu ndoa, na sura ya mama mukwe naijua tu juu ya foto.

Sasa, mwendo ya masaa mawili kwa miguu toka kijiji yetu Kibabi, kuko bonde moja nyembamba sana. Pande mbili ni mawe tupu, imesimama wima kama ukuta ya kanisa. Juu kabisa mu ule ukuta kuko mapango, na ndani ya mapango batu ya zamani walijengaka manyumba: kuta ya mawe bila simenti, mafiga, mahali ya kulala. Nani alijenga, hakuna mwenye anajua. Bakoko yetu, babu za babu, walikuta vile. Wakati ya vita batu walikimbilia kule mara mingi, na mama mukwe alizalaka bibi yangu mu moja ya ile manyumba.

Wakati nilikuwa natafuta kuoa, nilimuambia bibi yangu kama mimi pia najua kule. Ati nililala kule siku tatu, peke yangu, na mupanga tu. Ukweli ni huu: nilifika ku muto, chini kabisa, popo moja ikapita karibu na sikio yangu, nikakimbia mupaka nyumbani. Kandambili zangu mbili zilibaki kule. Masomo niliacha mu sekondere ya pili, lakini mu uwongo niko na diploma.

Ile siku, bibi yangu alikuwa na mimba ya mwezi ya tisa. Saa sita alikuja kunitafuta mu shamba ya maharagi, anapumua kama ngombe.

"Mama haiko. Fimbo yake haiko. Ameenda ku mawe."

"Kufanya nini?"

"Jana alisema anataka ile jiwe ya kusagia, yenye alisagia mutama ya masaka ya uji wakati alinizala. Anasema mutoto ya mutoto yake hatazaliwa juu ya uji ya unga ya masini."

"Bakaka zako batamufata."

"Bakaka bote wawili bako mbali, Mubi, unajua. Majirani bameshuka ku soko." Aliniangalia. "Si weye unajua njia? Si ulilalaka kule?"

Niliangalia mbingu. Upande ya Walikale mawingu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Ile muto ya chini, mvula ikinyesha inajaa haraka, na hakuna njia ingine ya kupita. Mama mukwe akibaki ngambo, anabaki.

"Naijua njia," nikasema. Uwongo ya miaka tisa ilikuja kudai miguu yangu.

Nilienda mbio, kisha polepole, kisha polepole zaidi. Mu bonde kulikuwa kimya. Siku hizi mu milima yetu huwezi jua nani iko nyuma ya muti na bunduki. Kijiti ikavunjika. Niliacha mupanga chini, nikanyoosha mikono juu.

"Niko raia tu, bakubwa! Niko natafuta mama mukwe!"

Ilikuwa ngombe. Ngombe ya jirani mufugaji, yenye madoa, ilikuwa inakula majani. Iliniangalia na huruma, ikaendelea kula.

Nilivuka muto, maji ilikuwa ku magoti, nikaanza kupanda. Njia ya mapango ni ngazi zenye batu ya zamani walichonga mu jiwe, kila moja pana kama mukono ya muntu. Upande moja jiwe, upande ingine hewa. Niliangalia chini mara moja tu. Miti mikubwa ilionekana kama kabeji mu shamba. Toka pale nilipanda na miguu ine, kama mbuzi, lakini mbuzi haililie mama yake.

Nilifika juu, ku uso ya pango. Ndani giza, harufu ya popo. Siwezi kuingia pahali mama mukwe iko bila kumujulisha, ajifunike. Nikakohoa.

"Hodi!"

"Odi... odi... odi..." pango ikajibu.

Magoti yangu ilikuwa imeshageuka kurudi nyumbani wakati nilisikia sauti ya kweli.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama. Mukwe."

"Geuka!"

Nikageuka, kwa heshima. Na kugeuka njo kuangalia ule shimo yote, vidole vya miguu mu hewa. Nikafunga macho.

"Uko na nani?"

"Niko peke, mama."

"Mbona meno yako inapiga makelele?"

"Ni baridi, mama."

"Aa. Baridi." Ilikuwa joto ya mbele ya mvula, jasho inanitoka mupaka ku masikio.

Aliniambia mambo yake. Aliteleza, kifundo ya muguu ikavimba kama kiazi, hawezi kusimama. Tone ya kwanza ya mvula ilinipiga ku pua.

"Mama, acha nikimbie ku soko, nitafute bamama batatu, bakubebe."

"Ukienda, muto inajaa. Nitalala hapa. Na bibi yako atakuja kunitafuta na ile tumbo. Ile njo unataka?"

Mu mawazo nilimuona bibi yangu juu ya zile ngazi.

"Hapana, mama. Lakini siwezi kukugusa."

Popo zilikuwa zinasogea juu ya vichwa yetu.

"Weye ulishabeba makala ya kupikia?"

"Magunia mingi, mama."

"Gunia ya makala iko na uso?"

"Haina."

"Iko mama ya muntu?"

"Hapana, mama."

"Basi kuja kinyumanyuma, uiname. Toka sasa hapa hakuna mama mukwe. Kuko gunia."

Nilisikia anajifunika kichwa yote na kikwembe, ile nguo ya kujifunga ku kiuno. Kisha mikono ilishika mabega yangu, na kikwembe ya pili ikatufunga, akaikaza yeye mwenyewe ku kifua yangu. Nilisimama. Yesu wangu! Juu ya foto huyu mama iko mwembamba kama fimbo ya maharagi. Mu mugongo ilikuwa gunia ya kweli, ile ya kilo mingi, makala ya muti ngumu.

Mvula ikaanza. Ngazi zikawa kama sabuni. Nilishuka moja, mbili, kisha miguu ikakataa. Si mimi nilikataa, ni miguu.

"Gunia inasema," sauti ikatoka mu kikwembe, "mukono ya kuume, juu, kuko muzizi. Shika."

Nilitafuta. Muzizi ilikuwa pale.

"Mama unaona?"

"Gunia haioni. Nilishuka hapa na bibi yako mu mugongo, kila siku, kuchota maji. Sasa kisigino kwanza. Ya tano imevunjika, ruka."

Nilihesabu vibaya. Darasani pia nilikuwa vile. Nilikanyaga ya tano, kipande ikatoka chini ya muguu yangu, ikaenda. Nilingojea kusikia ikianguka. Nilingojea sana. Nililala juu ya ule ukuta, uso mu jiwe, mukojo kidogo ikanitoka. Mvula ilisaidia kuficha.

"Gunia inasikia moyo yako," akasema karibu na sikio yangu. Sauti yake pia ilikuwa inatetemeka. "Inapiga kama ngoma ya harusi."

"Samahani, mama."

"Mama gani? Hukulalaka huku hata siku moja, si vile?"

Juu ya ile jiwe sikukuwa na nguvu ya kudanganya.

"Hata moja."

"Nilijua toka ile hodi. Sasa ya sita. Polepole. Kisigino."

Tulishuka vile, sauti na miguu, mupaka chini. Muto ilikuwa imeshaanza kubadilika rangi, nyekundu, na matawi ndani. Na ku ngambo niliona kitu yenye ilinitisha kupita mapango yote: bibi yangu, amelowa, mukono moja juu ya tumbo, muguu moja mu maji.

"Rudi!" nikapiga makelele. "Rudi, tunakuja!"

Nikaingia. Maji ilifika ku kiuno, kisha ku kifua. Gunia ilianza kuimba wimbo ya kanisa, na mimi niliimba naye bila kujua maneno. Katikati muguu yangu haikupata chini. Kitu ingine nakumbuka ni majani ya ngambo mu mukono yangu, na bibi yangu ananivuta na shati, anatukana ukoo yetu yote.

Nyumbani niliinama nyuma ya jikoni, nikafungua kikwembe nikiangalia ukuta. Kitu ikaanguka, pu! karibu na kidole ya muguu yangu. Jiwe ya kusagia. Alikuwa ameifunga ku tumbo wakati yote. Nilibeba mama na jiwe yake, juu ya zile ngazi, mu ule muto, na hakuniambia.

Siku ya pili asubui nilisikia jiwe inasaga. Bibi yangu alikuwa karibu na moto, anamuuliza mama yake namna tulishuka. Mimi nilikuwa ngambo ya ukuta, nikangojea aibu yangu.

"Bwana yako anajua ile njia," mama mukwe akasema. "Kila ngazi. Nafikiri hata usiku angeshuka."

Jiwe ikaendelea kusaga. Kisha akainua sauti, ifike ku ukuta:

"Ni baridi tu njo inamusumbuaka."