Mjomba Kamba na Masuke Meupe

Mjomba wangu wanamwita Kamba, maana hapandi kitu bila kuvuta kamba kwanza, mstari unyooke. Hata sufuria zake jikoni zimepanga foleni. Watu wanamcheka. Mimi nikiwasikia nachafuka, kwa sababu wa kumcheka ni sisi wa nyumbani tu.

Shamba analolima ni la mama, dada yake. Kuna mwaka ngano ilianza kujaza punje, jua likapiga, masuke yakawa meupe, ndani hewa tupu. Tukasema ukame. Msimu uliofuata mjomba akajifanya mjanja, akabadilisha zao, akapanda shayiri. Yakawa yale yale. Mama akamwambia wazi, ikiharibika tena shamba anampa jirani mwenye trekta. Jirani naye akaanza kupitapita akilipima shamba kwa macho. Nilitaka kumtupia bonge la udongo.

Mjomba akang'oa bua moja, akalimenya majani ya chini. Shina pale kwenye udongo lilikuwa la kahawia kama chai ya rangi. Akaanza kujicheka.

"Dada, si jua peke yake. Huu ugonjwa, unaozesha shina, na unalala kwenye mabua ya zamani. Ngano na shayiri kwake ni chumba na sebule. Nimemhamisha mwizi chumba, nikadhani nimemfukuza."

Akaomba misimu miwili ya dengu, ugonjwa ukose chakula. Mama akakubali kwa kununa. Jirani akapita akiuliza kama Kamba sasa ni muuza mboga. Nikakunja mikono ya shati. Mjomba akanipa ncha ya kamba, akaniambia nivute huku.

Kumbe mistari ya zamani alikuwa ameiwekea vigingi pembeni mwa shamba. Ngano iliporudi, kila mstari mpya tuliupitisha katikati ya ile ya zamani, mbegu isikae karibu na mabua mabovu. Jirani na trekta lake linaloyumba kama mlevi angeweza wapi?

Jua likapiga tena, wakati ule ule. Mama akaja, hakusalimia mtu, akaingia shambani moja kwa moja. Masuke meupe yalikuwepo, mojamoja, ya kutafuta. Akavunja la kijani, akalifikicha, kiganja kikajaa punje.

"Kaka, mwakani unapanda nini?"

"Dengu."

"Sawa. Ukimaliza, pitia kwangu na hiyo kamba. Bustani yangu imepinda."